MAUMIVU YASIYOONEKANA: MGONGO WA ASKARI NA FIDIA YAKE



Mtu akivunjika mkono, kila anayepita anaona. Mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Watu wanampa pole. Wanamsaidia kubeba mzigo. Lakini mtu anayeumwa mgongo hana bendeji. Anatembea. Anakula. Anasalimia watu njiani. Akisema kwamba leo hawezi kulima, majirani wanatazamana. Wengine wanasema chini chini kwamba ni mvivu tu.

Leo tutaeleza ugonjwa wa mgongo, pamoja na maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoshuka mguuni. Tutaueleza kwa kuwatazama watu ambao ugonjwa huu umewafikisha mpaka mahakamani. Watu hao ni askari wa Marekani waliotoka jeshini. Serikali yao ina sheria ya kuwalipa fidia walioumia wakiwa kazini. Lakini je, maumivu yanapimwaje? Nani aseme kwamba huyu anaumwa kweli na yule anajifanya? Hilo ndilo jambo linalobishaniwa huko.

Msomaji anaweza kuuliza, "Askari wa Marekani wananihusu nini mimi mkulima?" Mgongo wake na wako ni wa namna moja. Gunia na jembe huumiza kama shanta la askari linavyoumiza.

UTI WA MGONGO UKOJE?

Mwinamishe mtoto unapomwogesha, kisha pitisha kidole katikati ya mgongo wake. Utagusa vifundo vifundo. Kila kifundo ni ncha ya mfupa mmoja. Mifupa hiyo huitwa pingili. Shingoni ziko pingili 7. Kifuani ziko 12. Kiunoni ziko 5. Chini ya hapo pingili 5 zimeshikana zikawa mfupa mmoja mpana, na mwisho kabisa kuna kifandugu.

Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo wa duara. Nje yake ni kugumu. Ndani yake ni laini kama uji mzito. Mito hiyo inazuia mifupa isigongane tunapotembea, tunaporuka na tunapobeba.

Katikati ya pingili kuna njia, kama tundu la mwanzi. Humo unapita mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo. Mshipa huo hutoa matawi kila upande. Matawi ya kiunoni huungana na kufanya mshipa mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Madaktari huuita siatiki. Unene wake ni kama wa kidole. Hupita ndani ya tako, nyuma ya paja na uvunguni mwa goti, na matawi yake hufika mpaka unyayoni.

Sasa fikiri embe bivu. Ukilibana sana upande mmoja, ganda hupasuka upande wa pili na nyama hutokeza. Mto wa kati ya pingili nao hufanya hivyo. Mtu akiinama na kunyanyua kitu kizito huku akijizungusha, ganda la mto linaweza kupasuka. Ule uji wa ndani hutokeza na kuubana mshipa wa fahamu.

Hapo ndipo mtu hushangaa. Kilichoumia ni kiuno, lakini anayelia ni mguu. Maumivu hushuka kama moto, au kama umeme. Wengine huhisi sindano. Wengine hupata ganzi kwenye kidole gumba cha mguu. Akikohoa au kupiga chafya, maumivu huzidi. Mshipa ukibanwa sana, mguu hupoteza nguvu. Mtu hushindwa kuinua ncha ya mguu, akitembea anaiburuta.

Wengi hupona bila kupasuliwa, baada ya majuma kadhaa. Zamani mgonjwa aliambiwa alale siku nyingi juu ya ubao bila kutembea. Ushauri huo umeachwa. Siku hizi inajulikana kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Mgonjwa apumzike kidogo, kisha aanze kutembea polepole, akiongeza kila siku kadiri anavyoweza.

Lakini ziko dalili ambazo haziwezi kungoja. Mtu anayeumwa mgongo akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukagoma kutoka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akipata ganzi sehemu za siri na pale anapokalia, apelekwe. Miguu yote miwili ikilegea, apelekwe. Akichelewa anaweza kupooza maisha yake yote. Na mtu ambaye mgongo unamuuma huku ana homa, anatoka jasho usiku na anakonda, huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo una dawa. Mtu wa namna hiyo asikandwe wala asikanyagwe mgongoni, maana pingili zilizoliwa na ugonjwa zinaweza kuvunjika.

MZIGO WA ASKARI

Watu wengi wakisikia kwamba askari ameumia hufikiri juu ya risasi. Lakini migongo mingi iliharibika bila risasi hata moja. Iliharibiwa na mizigo, na kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwamvuli, na kukaa miaka katika magari yanayorukaruka juu ya mawe.

Mwaka 2003 jeshi la Marekani lilipima mizigo ya askari wake wa miamvuli waliokuwa Afghanistan. Askari aliyekuwa akipigana alibeba wastani wa karibu kilo 29: bunduki, risasi, maji na fulana ya kuzuia risasi. Katika mwendo mrefu alibeba karibu kilo 46. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Fikiri kupanda mlima na mfuko wa saruji mgongoni, kutwa nzima.

Kijana wa miaka 20 hubeba na kuvumilia. Akiumwa, anameza vidonge na kurudi kazini, maana hataki wenzake wamwone dhaifu. Haendi kwa daktari wa kikosi. Kwa hiyo hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa. Baada ya miaka 15 yuko nyumbani, mguu unawaka moto usiku, na serikali inamwuliza, "Uliumia lini? Iko wapi cheti yako?"

MAMBO MATATU

Sheria ya Marekani inamtaka askari aonyeshe mambo matatu. La kwanza, awe na ugonjwa sasa. La pili, liwe liko jambo lililompata akiwa jeshini: alianguka, alipata ajali, au alibeba mizigo miaka mingi. La tatu ni kamba ya kufunga mambo hayo mawili, yaani ugonjwa wa leo uwe umetokana na jambo la siku zile.

Wengi hukwama kwenye hiyo kamba. Kwa kawaida daktari ndiye anayetakiwa kuandika maoni yake. Hatakiwi kuapa kwamba ana hakika. Inatosha akisema kwamba, kwa uchache, uwezekano wa ndiyo ni sawa na uwezekano wa siyo.

Hapa sheria hiyo ina jambo jema. Mkulima wa pamba anaijua mizani. Katika kesi za kawaida za madai, mdai hushinda pale upande wake unapokuwa mzito kuliko upande wa pili. Kwa askari, pande mbili zikilingana sawasawa, yeye ndiye anayeshinda. Shaka ikibaki, ni yake.

KUPIMA KUINAMA

Serikali ikikubali kwamba mgongo uliumia jeshini, swali la pili hufuata: umeumia kiasi gani? Jibu hutolewa kwa asilimia. Asilimia 10 maana yake ni sehemu 10 katika kila 100. Kadiri asilimia inavyopanda, ndivyo fedha za kila mwezi zinavyoongezeka. Fedha hizo hazikatwi kodi.

Kanuni za kupima mgongo zinazotumika zilianza Septemba 2003. Kuna mambo kadhaa yanayotazamwa, lakini kubwa ni kuinama. Daktari huchukua chombo chenye mikono miwili, kama rula mbili zilizofungwa pamoja mwishoni, akapima pembe ya mgongo. Mtu aliyesimama wima yuko kwenye digrii 0. Akiinama mbele mpaka mgongo ukalala kama meza, amefika digrii 90.

Anayepita digrii 60 lakini hapiti 85 hupewa asilimia 10. Anayepita 30 lakini hapiti 60 hupewa asilimia 20. Asiyeweza kupita 30 hupewa 40. Kama mgongo wa kifuani na kiunoni umeganda wote, tena umegandia vibaya, ni 50. Uti wote ukigandia vibaya, tangu shingoni hadi chini, ni 100.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Mwenye digrii 61 anapata 10. Mwenye digrii 60 anapata 20. Digrii moja tu, ambayo hata jicho haliioni! Kwa maoni yetu, kipimo cha namna hii kinafaa kupimia mlango kuliko mtu.

Mishipa ya fahamu ina hesabu yake peke yake, na kila mguu huhesabiwa mbali. Ugonjwa mdogo wa mshipa wa siatiki hupewa asilimia 10. Wa wastani ni 20. Uliozidi wastani ni 40. Ulio mkali, misuli ikiwa imekonda sana, ni 60. Mshipa ukifa kabisa na mguu ukaning'inia, ni 80. Lakini kama mtu ana maumivu na ganzi tu, bila kupoteza nguvu, kanuni inasema apewe kiwango kidogo, na kwa wingi kile cha wastani. Basi mtu ambaye halali usiku kwa moto wa mguuni haruhusiwi kupita 20 kwa mguu huo, madhali bado anaweza kuinua ncha ya mguu. Hilo nalo linawakera wengi.

Tena asilimia hazijumlishwi kama tunavyojumlisha mbuzi. Mtu mwenye 40 ya mgongo na 20 ya mguu hapati 60. Wanahesabu hivi: mtu mzima ni 100. Mgongo umechukua 40, zimebaki 60. Sasa mguu unachukua asilimia 20 ya zile 60 zilizobaki, yaani 12. Arobaini na 12 ni 52. Halafu 52 inashushwa kuwa 50. Askari wengi wakipata barua yenye hesabu hii hudhani wameibiwa. Hawakuibiwa, ndivyo sheria ilivyo.

SIKU NZURI NA SIKU MBAYA

Maumivu ya mgongo huja na kwenda. Anayeumwa anajua. Juma hili anatembea mpaka sokoni. Juma lijalo hawezi kuvaa viatu. Sasa kama siku ya kupimwa imeangukia juma zuri, daktari ataandika kwamba mtu huyu anainama vizuri. Na daktari huyo hakuja kumtibu. Kaja kupima tu, naye humwona mara moja, pengine kwa nusu saa.

Mahakama zao zimelitazama jambo hili mara nyingi. Mwaka 1995 mahakama inayoshughulikia madai ya askari hawa iliamua kwamba haitoshi kuandika digrii peke yake. Daktari lazima aeleze maumivu, uchovu na udhaifu vinampunguzia mtu uwezo kiasi gani, hasa akirudia kazi ile ile mara nyingi. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilisema tena kwamba daktari asijibu tu, "Sikumwona akiwa katika siku mbaya." Lazima amwulize mgonjwa siku mbaya zikoje, zinakuja mara ngapi, zinakaa muda gani, halafu akadirie.

Uamuzi mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2018. Mwanamke mmoja aliyekuwa jeshini aliumwa magoti. Madaktari waliona anaumwa, lakini hawakupata jina la ugonjwa. Alikataliwa fidia, kwa sababu kwa karibu miaka 20 ilishikiliwa kwamba maumivu bila ugonjwa unaojulikana si ulemavu. Mahakama ya juu zaidi ikasema hapana. Maumivu peke yake yanaweza kuwa ulemavu, ikiwa yanamzuia mtu kufanya kazi za mwili wake. Kesi ilikuwa ya magoti, lakini wenye migongo nao walipata njia.

AKIKATALIWA AFANYE NINI?

Zamani askari aliyekataliwa hakuwa na pa kwenda nje ya idara yenyewe. Mpaka mwaka 1988 mahakama hazikuruhusiwa kuyachungulia maamuzi hayo. Na kutafuta wakili ilikuwa kazi bure. Sheria ya mwaka 1864, wakati Wamarekani wanapigana wao kwa wao, ilisema wakili asilipwe zaidi ya dola 10 kwa dai moja. Sheria hiyo ilitungwa ili askari wasinyonywe. Lakini miaka 100 ilipita, bei zikapanda, dola 10 zikabaki zile zile. Wakili gani atasoma faili nene kwa dola 10? Mwaka 1988 sheria mpya ilifungua mlango na mahakama maalum ikaundwa.

Rufaa ziliendelea kujaa. Ziliweza kuchukua miaka mitatu, na nyingine hata saba. Wazee walikufa wakingoja. Ndipo mwaka 2017 ikapitishwa sheria nyingine, nayo ikaanza kazi tarehe 19 Februari 2019. Sasa askari aliyepata barua ya kukataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua njia moja kati ya tatu.

Akiwa ana ushahidi mpya, kama barua ya daktari, anaurudisha pamoja na dai lake litazamwe upya. Akiona kwamba ushahidi unatosha ila aliyeamua alikosea, anaomba afisa wa juu zaidi ausome tena. Katika njia hii haruhusiwi kuongeza karatasi, lakini anaweza kuzungumza na afisa kwa simu na kumwonyesha kosa liko wapi. Njia ya tatu ni kwenda kwenye Baraza la Rufaa, ambako jaji husoma faili, na askari akitaka anaweza kusikilizwa mwenyewe. Hiyo huchukua muda mrefu kuliko zote.

Kuchagua njia ni jambo la kufikiri. Mara nyingi anayekosa ni yule anayepeleka malalamiko yale yale bila karatasi mpya. Kama daktari wa serikali ameandika kwamba ugonjwa umetokana na uzee, hasira haiwezi kuifuta sentensi hiyo. Inahitaji daktari mwingine asome faili na aandike kwa nini mwenzake amekosea: kwamba mgonjwa ana miaka 38 tu, kwamba alianguka na mwamvuli, kwamba picha inaonyesha mto ulitokeza upande ule ule wa mguu unaouma.

Na tarehe ni mali. Askari akifuata rufaa zake bila kuuacha mwaka upite, akishinda hatimaye, malipo huhesabiwa kwa kawaida tangu siku ya dai lake la kwanza. Aliyedai mwaka 2020 na kushinda mwaka 2024 hupewa malimbikizo ya miaka yote hiyo. Aliyekata tamaa akaacha, halafu akaanza upya, huhesabiwa tangu alipoanza upya.

Baraza likimkataa, ana siku 120 za kwenda mahakamani. Mkongwe mmoja wa vita vya Korea, ambaye ugonjwa wa akili ulimpata tangu jeshini, alichelewa siku 15. Mahakama ikakataa kumsikiliza. Alipinga mpaka Mahakama Kuu ya nchi nzima. Mwaka 2011 mahakama hiyo iliamua kwamba siku hizo 120 si ukuta usioweza kupitika. Lakini mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Mjane wake ndiye aliyepokea habari.

Msaada wa kuandika madai hupatikana bure. Vyama vya zamani vya askari, kama American Legion na Disabled American Veterans, vina watu waliofundishwa kazi hiyo. Pia wako matapeli. Wanawapigia wazee simu na kudai sehemu ya fidia kwa kuwaandikia dai la kwanza. Sheria hairuhusu mtu kutoza malipo kwa dai la kwanza.

JINSI YA KUYASEMA MAUMIVU

Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu linamfaa kila mgonjwa, hata anayekwenda zahanati ya kijijini.

Mtu akiulizwa, "Unaumwaje?" mara nyingi hujibu, "Mgongo unaniuma sana." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii anayesikiliza. Sana ni kiasi gani? Mgonjwa mwingine hujibu, "Naendelea vizuri," kwa adabu tu, kama tunavyojibu salamu. Daktari anaandika: mgonjwa anaendelea vizuri. Maneno hayo yanakaa kwenye faili miaka yote.

Sasa sikiliza mfano huu wa kutunga. Mtu anasema: "Siwezi kusimama zaidi ya dakika 10. Nikikaa kwenye gari nusu saa, mguu wa kushoto unakufa ganzi mpaka vidoleni. Mara mbili kwa mwezi mgongo unakamata kabisa, nalala siku mbili. Siku hizo mke wangu ananivalisha soksi. Mwezi uliopita nilianguka ngazini kwa sababu ncha ya mguu ilijikwaa." Mtu huyu hakulia wala hakuongeza chumvi. Ametaja dakika, mguu gani, mara ngapi, na kazi gani inamshinda. Daktari anaweza kupima maneno hayo. Hata afisa aliye mbali, ambaye hajawahi kumwona, anaweza kuyaelewa.

Mke naye anaweza kuandika. Jirani anaweza kuandika. Askari mwenzake aliyemwona akianguka anaweza kuandika. Sheria inakubali ushahidi wa mtu wa kawaida kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake au kuyahisi mwilini mwake. Mke hawezi kusema kwamba mto wa kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiunoni umepasuka. Hilo ni la daktari. Lakini anaweza kusema kwamba mumewe alikwenda vitani akitembea wima na akarudi akichechemea. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ilisema wazi kwamba ushahidi wa namna hiyo usitupwe kwa sababu tu hakuna karatasi ya wakati ule ya kuuthibitisha.

Wengine wanaweka daftari dogo. Wanaandika tarehe ya siku mbaya, ilianza saa ngapi, walikuwa wanafanya nini, na dawa gani walimeza. Baada ya miezi sita daftari hilo linasema mambo ambayo kichwa kimekwisha kuyasahau.

KARATASI ZILIPOUNGUA

Kuna kundi moja la wazee ambalo taabu yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Hao walikuwa na vyeti. Waliumia, wakatibiwa na kuandikwa. Lakini faili za askari wa zamani wa Marekani ziliwekwa katika jengo moja karibu na mji wa St. Louis. Tarehe 12 Julai 1973 orofa ya juu ya jengo hilo, orofa ya sita, iliwaka moto. Hapakuwa na mabomba ya kunyunyiza maji kwenye dari. Faili kati ya milioni 16 na milioni 18 ziliangamia. Hapakuwa na nakala.

Katika faili za askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya mwaka 1912 na mwaka wa 1960 kuanza, 80 katika kila 100 zilipotea. Hao ni watu wa vita kuu mbili za dunia na vita vya Korea. Mzee alikwenda kudai mgongo wake akaambiwa, "Hatuna karatasi zako." Zimeunguzwa na moto wa serikali yenyewe, lakini ushahidi anatakiwa auonyeshe yeye.

Mahakama zilisema kwamba faili ikipotea mikononi mwa serikali, idara ina wajibu mkubwa zaidi wa kumsaidia mtu huyo na kumweleza kwa nini inamkataa. Basi wazee walianza kutafuta. Walipekua barua walizowaandikia mama zao toka vitani. Walitafuta picha ambazo wamesimama na magongo mbele ya hema la hospitali. Waliandika kwa wenzao wa kikosi kimoja. Wengine walipata majina yao katika taarifa za kila siku za asubuhi, ambamo kikosi kiliandika nani amelala hospitali, kwa maana taarifa nyingi za namna hiyo zilisalimika.

Faili zilizoungua pembeni tu, au kulowa maji ya wazima moto, hazikutupwa. Kiasi cha milioni 6 na nusu ziliokolewa, zikakaushwa na kuhifadhiwa. Hata sasa askari wa miaka hiyo, au mjane wake, akiandika kuomba kumbukumbu, wafanyakazi hutafuta faili hiyo na kuifungua kwa uangalifu, ukurasa kwa ukurasa, wasome maneno yaliyosalia.